Ngazi Chini ya Miguu

Mtu mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, tena mwalimu mwenye stashahada ya ualimu, akikiri mbele ya walimu wenzake kwamba amepata kukesha akicheza mchezo wa kompyuta, yampasa atoe sababu. Nami naitoa hapa. Siitoi kwa kujitetea, bali kwa kuwa mchezo ule ulinifundisha kwa vitendo jambo ambalo chuoni nililisoma kwa maneno tu, na aliyenifundisha alikuwa mtoto niliyekuwa nimemkosea.

Nasomesha Kiswahili katika shule ya sekondari magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, si mbali na mpaka wa Kongo. Ndugu zetu wa pwani huenda wasiijue vema hali ya mwalimu wa Kiswahili huku kwetu. Kwa miaka mingi watu wengi waliihesabu lugha hii kuwa lugha ya askari na ya amri, na mwanafunzi aliingia darasani akiwa na hofu nayo hata kabla hajaisoma. Lakini mpakani mambo ni mengine. Katika soko la Mpondwe watu wa pande zote mbili hununua na kuuza kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni kile cha Kongo ya mashariki, ambacho hakijishughulishi sana na upatanisho wa ngeli. Mtu husema "kitabu yangu" na "kiti yake", akaeleweka, akauza, akarudi kwake salama.

Mwaka 2018 nilikuwa na kijana mmoja katika kidato cha kwanza. Sitamtaja jina. Siku moja niliwataka wanafunzi wasimame mmoja mmoja waseme juu ya kitu wanachokipenda. Ilipofika zamu yake alisimama wima, akasema kwa sauti ya kujiamini: "Mimi napenda kitabu yangu."

Nami, badala ya kumwuliza ni kitabu gani na anakipendea nini, niliinua mkono kumnyamazisha. Nikayarudia maneno yake kwa kuyavuta: "Kitabu yaaangu!" Darasa zima likaangua kicheko. Kisha nikaandika ubaoni "kitabu changu", nikamwamuru aseme hivyo mara kumi. Akasema mara kumi, akaketi. Tangu siku ile hadi mwisho wa mwaka hakufungua tena kinywa chake katika kipindi changu. Mazoezi yake ya kuandika yalikuwa safi, hayana kosa la ngeli hata moja, nami nikajisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba nimemtibu.

Miezi kadhaa baadaye ndipo niliposikia kwamba mama yake ni mfanyabiashara wa vitenge pale Mpondwe, na kwamba Kiswahili ndicho alichozungumza na mwanawe tangu utotoni. Sentensi ile haikuwa kosa la mtoto asiyejua. Ilikuwa sauti ya mama yake. Nilikuwa nimemcheka mama wa watu mbele ya watoto sitini, naye hayupo kujibu.

Basi, ndugu msomaji, nije kwenye mchezo.

Shule yetu ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine chache kuukuu zilizoletwa kwa msaada. Zilikuwa nzito na za polepole, na programu za siku hizi zilizishinda. Kijana huyu alikuwa mmoja wa waliochaguliwa kuzifuta vumbi na kuzitunza. Katika moja ya mashine hizo alikuta, katika mafaili yaliyoachwa na mwenyewe wa zamani, programu ndogo inayoigiza kompyuta nyingine ya kale zaidi, pamoja na michezo ya kompyuta hiyo. Jioni moja ya mwaka 2019 nilikwenda kuchapa mtihani, nikamkuta peke yake mbele ya kioo, na juu ya kioo pana mapango ya rangi za kung'aa juu ya weusi mtupu. Aliponiona alitaka kuifunga. Nikamwambia asifunge, anionyeshe. Alisogea, akanipisha kiti chake. Hakusema neno.

Kompyuta iliyokuwa ikiigizwa ni ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982 na kampuni ya Clive Sinclair. Ilikuwa mashine ndogo nyeusi, yenye vitufe vya mpira, nayo iliunganishwa na televisheni ya kawaida ya nyumbani. Bei yake ya kwanza ilikuwa pauni 125 kwa ile yenye kumbukumbu ndogo na pauni 175 kwa ile kubwa, hivyo familia nyingi za kawaida ziliweza kuinunua. Michezo yake iliuzwa katika kanda za kaseti. Mtu aliweka kaseti katika redio-kaseti yake, akasikiliza mlio mkali kama wa nyenje kwa dakika kadhaa, ndipo mchezo ukaanza. Ile kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, yaani nafasi ya herufi 49,152 tu. Makala kama hii unayoisoma isingeingia humo mara nne.

Mchezo wenyewe unaitwa Starquake, yaani tetemeko la nyota. Uliandikwa na Mwingereza Stephen Crow, ukatolewa na kampuni ya Bubble Bus mwaka 1985. Kisa chake ni kifupi. Sayari moja isiyo imara imetokea angani, na kiini chake kinakaribia kulipuka na kuangamiza vilivyo jirani nayo. Anatumwa kiumbe mdogo aitwaye BLOB, donge la mviringo lenye macho na miguu, ashuke ndani ya sayari, atafute vipande vilivyopungua, avipeleke kwenye kiini na kukitengeneza. Ndani ya sayari mna sehemu 512, kila moja ikijaa kioo kizima, na zote zimeshikana kama vyumba vya kichuguu. Hakuna ramani. Vijana wa Ulaya wa siku zile walijichorea ramani zao kwenye karatasi za mraba, na magazeti ya michezo yakachapisha ramani za namna hiyo.

Nilishangaa jinsi vyumba 512 vilivyoweza kuingia katika kumbukumbu ndogo kiasi kile. Siri yake ni kwamba havikuchorwa kimoja kimoja. Viliundwa kwa idadi ndogo ya matofali, yakipangwa kila mara kwa namna nyingine. Mwalimu wa Kiswahili hana haki ya kulistaajabia jambo hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku: kutoka katika mzizi mmoja wa -som- tunapata msomi, msomaji, somo, kisomo, someka na somesha, na hakuna anayelazimika kuyabeba maneno hayo yote kichwani kama mizigo mbalimbali.

Nilishika vitufe, nikaanza. Nilikufa mara moja. Nikaanza tena, nikafa tena. Viumbe wa ajabu walielea wakinijia kutoka kila upande. Wengine walinipunguzia nguvu kidogo kidogo, na vitu vingine viliniua kwa kugusa tu. Lakini kilichonitatiza zaidi ni kwamba Donge hajui kuruka. Michezo mingine ya majukwaa niliyopata kuiona kwa watoto wangu, mhusika huruka kutoka jukwaa hadi jukwaa. Huyu hana uwezo huo. Nilimpeleka hadi chini ya ukingo mmoja, nikabonyeza kila kitufe, naye akabaki pale akitazama juu. Nilijisikia jinsi nilivyojisikia nilipokuwa mwanafunzi wa Kifaransa chuoni, najua ninakotaka kufika, lakini sina neno la kunifikisha.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilingoja anicheke. Kwa hakika nilistahili kuchekwa, maana mbele ya kompyuta ile mimi ndimi niliyekuwa nikisema "kitabu yangu". Hakucheka. Alinyosha mkono taratibu, akabonyeza kitufe kimoja, na chini ya miguu ya Donge ikatokea ngazi ndogo, ikamwinua kidogo. Akabonyeza tena, ikatokea nyingine juu ya ile ya kwanza. Kabla Donge hajafika ukingoni, ngazi ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoweka.

Hiyo ndiyo silaha kubwa ya Donge. Asiyeweza kuruka hujiwekea ngazi chini ya miguu yake mwenyewe. Ngazi hizo ni dhaifu, hudumu kwa sekunde chache tu, na akiba yake ni ya kuhesabika. Mstari mmoja kwenye kioo huonyesha kiasi kilichobaki, naye hana budi kuokota nyingine njiani. Lakini hazikuwekwa ili zidumu. Kazi yake ni kumwinua hadi mahali pa kusimama, na akisha kusimama hazihitaji tena.

Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa nikiitazama sentensi ya mtoto yule kwa macho mengine. "Kitabu yangu" ilikuwa ngazi yake. Aliipata kwa mama yake, na ilikuwa imemwinua hadi akaweza kusimama mbele ya watu sitini akasema kitu kilichokuwa moyoni. Ningemwacha apande hatua moja zaidi, ngazi ile ingetoweka yenyewe kwa wakati wake, akabaki amesimama juu ya "kitabu changu" bila aibu. Mimi niliivunja angali juu yake, kisha nikastaajabu kwamba hapandi tena.

Tangu siku hiyo nilikwenda chumba cha kompyuta kila jioni ya Jumatano, na siku nyingine nilikaa hadi usiku. Tulipokezana vitufe. Mwanzoni alinielekeza kwa vidole tu: hapa, pale, subiri. Nami sikumshurutisha kusema. Tulizijua njia za mapango machache ya kwanza, kisha tukafika kwenye kibanda cha ajabu. Vibanda vya namna hii vimetawanyika katika sayari, na kila kimoja kina jina lake la siri lenye herufi tano. Ukiingia kimoja, kinakuonyesha jina lake. Ukiliandika jina la kibanda kingine unachokijua, unasafirishwa hadi huko kwa kufumba na kufumbua. Usipojua jina, huna njia ila kutembea kwa miguu na kupambana na kila kilichomo njiani.

Majina mengine hayana maana yoyote kwangu, kama VEROX na OKTUP. Lakini siku moja tulifika kwenye kibanda kimoja, na kioo kikaandika ALGOL. Nikapiga kelele kama mtoto. Kijana alishtuka.

"Neno hili nalijua," nikamwambia. "Ni jina la nyota."

Nikamweleza kwamba Waarabu waliiita nyota hiyo Ras al-ghul, kichwa cha zimwi, na kwamba huenda waliiogopa kwa sababu mwanga wake hubadilika. Kila baada ya siku tatu kasoro saa chache nyota ile hufifia kwa muda, kisha hurudia mwanga wake, kwa kuwa hasa ni nyota zinazozungukana, na moja hupita mbele ya nyingine na kuikinga. Nikamwambia kwamba ras ni neno lile lile tunalolitumia tukisema rasi ya nchi iliyoingia baharini. Na kwamba katika fasihi yetu umo utenzi mrefu wa vita uitwao Utenzi wa Rasi 'lGhuli, wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1979. Jina moja likatoka Uarabuni, likaenda mbinguni kwa wanajimu, likaenda pwani yetu kwa washairi, likafika Uingereza katika mchezo wa vijana, na sasa limetukuta sisi wawili hapa chini ya Ruwenzori.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akafungua mkoba wake, akatoa daftari la mazoezi lililochakaa pembe. Kurasa zake za nyuma zilikuwa zimejaa miraba iliyochorwa kwa rula: ramani ya mapango, na pembeni orodha ya majina ya vibanda. Akaniwekea mbele ya mikono.

"Mwalimu," akasema, "kitabu yangu ni hii. Andika ile maana ya nyota."

Walimu wenzangu, mnajua jinsi ulimi wa mwalimu unavyowasha wakati kama huo. Nilikuwa na masahihisho mawili tayari mdomoni. Nikayameza. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyonisemea bila kuulizwa tangu siku ile ya kicheko, kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima, na alikuwa ameyajenga juu ya ngazi ile ile niliyoivunja. Alikuwa akinijaribu? Au alikuwa ameamua kuniamini? Hadi leo sijui. Nilichukua kalamu, nikasema: "Ahsante, mwanangu. Kitabu chako ni kizuri sana. Nitaandika maana yake ndani ya kitabu chako." Nikaandika. Alinitazama, na nadhani alisikia nilichofanya, maana alitabasamu kidogo.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lake, nikawaambia kwamba mwaka uliopita nilifanya kosa la kumcheka mtu kwa Kiswahili cha kwao, na kwamba kosa lile lilikuwa kubwa kuliko kosa lolote la ngeli. Sikumtaja, lakini wote walijua. Kisha niliugawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja niliandika "Kwetu", upande wa pili "Kitabuni". Wakaanza kuniletea maneno ya soko, ya kituo cha magari, ya bibi zao walioolewa kutoka ng'ambo ya mpaka, nasi tukatafuta ndugu wa kila neno katika Kiswahili sanifu. Sikuacha kusahihisha, la hasha. Mtihani wa taifa hautasamehe upatanisho mbovu, na mwalimu anayemdanganya mtoto kuhusu hilo hampendi. Nilichobadilisha ni wakati wa kusahihisha na namna yake. Asemaye aliachwa amalize. Jibu langu lilimrudishia maneno yake yakiwa yamenyooka. Na kicheko kilipigwa marufuku, kuanzia kwangu mwenyewe.

Kijana alisema. Hakuwa msemaji mkubwa, lakini kabla mwaka haujaisha alisimama akaeleza juu ya sayari yenye vyumba 512, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Alisema "kiini chake" na "vipande vyake" bila kusita.

Mwezi Machi mwaka 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wengi hawakurudi. Nilipoita majina siku ya kwanza, lake halikuitikiwa. Mwezi Julai mwaka ule ule Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha hii tayari ilikuwa imewekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Nilifurahi kama walimu wote wa Kiswahili walivyofurahi. Lakini furaha yangu ilikuwa na kovu. Neno "lazima" linaweza kumleta mtoto darasani. Haliwezi kumfungua kinywa. Tutaletewa watoto wengi ambao wamekwisha kuwa na Kiswahili chao, cha soko, cha kambi, cha mpakani, cha mama. Tukianza kazi kwa kukibomoa, tutawapata wakiandika vizuri, nao watanyamaza.

Mwishoni mwa mwaka huo nilikwenda Mpondwe kumnunulia mke wangu kitenge. Nilikuwa nikipatana bei na mama mmoja wa makamo, mchangamfu, aliponitazama sana, akasema: "Ni weye mwalimu ulichezaka na mutoto yangu kwa ile mashini?"

Kabla sijajibu, kijana alitokea nyuma ya marundo ya nguo. Alikuwa amerefuka, ana ndevu chache. Tulisalimiana kwa mikono miwili. Mama yake alinipunguzia bei, nami nikamshukuru kwa Kiswahili chake yeye, kadiri nilivyoweza, naye akacheka jinsi nilivyokiharibu. Kicheko hicho nilikuwa na deni nacho.

"Mwalimu," kijana akaniuliza, "ulifika kwenye kiini?"

"Nilifika," nikasema. "Lakini sijawahi kukitengeneza. Vipande havijatimia."

"Ngazi zilikwisha?"

"Zilikwisha, mwanangu. Mara nyingi sana."

Akainama chini ya meza, akatoa daftari lile lile. Kurasa za mbele sasa zilikuwa na hesabu za madeni ya wateja, kwa faranga na kwa shilingi. Za nyuma zilikuwa vile vile, na mwandiko wangu umo, pembeni mwa neno ALGOL.

"Kitabu yangu bado iko," akasema, akinitazama machoni.

"Nakiona," nikamjibu. "Kitabu chako bado kipo."

Tukacheka sote wawili.